Kengele ya Meli ya Kuazima

Wenzangu wa Peckham, mmeniuliza mmoja mmoja na kwa makundi: kwenye harusi ya mtoto wa Mama Rukia, kwenye foleni ya duka la samaki, hata kwenye simu nikiwa kazini. Ati ni kweli Mwanaidi ulibeba kengele mgongoni kama mtoto mchanga? Ni kweli mlitaka kukamatwa bandarini? Na yule mzee wako, aliyaweza yale aliyoyaendea? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mtu huondoka na kipande chake akakitia chumvi. Basi nimekaa chini nimeandika yote. Habari za tikiti na makaratasi nimeziacha, hazina utamu.

Kenton, kwenye duka la Bwana Ramnik

Kazi yangu mnaijua, natunza wazee majumbani mwao. Mzee Aksel nimekuwa naye mwaka wa nne sasa. Ni mtu wa Denmark, mjane, anakaa ghorofa ya tatu katika zile nyumba za kaunsili nyuma ya kituo cha treni. Mimi namwita Mzee. Yeye ameshindwa na jina langu zima, ananiita Mwana, na nikimwita anaitika "Naam", kwa sababu nilimwambia kwetu Kisauni mtu mwenye adabu haitiki "Ee".

Mwaka wa pili ndipo aliponisimulia habari ya meli. Wakati wa vita vile vikubwa, watu wa Denmark walizizamisha meli zao wenyewe za kivita ili Wajerumani wasizichukue. Vita vilipokwisha, wakajikuta wana bahari kila upande na hawana cha kuilinda. Waingereza wakawaazima meli. Si kuwapa, kuwaazima. Vijana wa Denmark wakajifunza upya kazi ya majini ndani ya meli za watu, wakijua kwamba siku moja mwenyewe atakuja kuchukua chake. Aksel aliingia katika mojawapo miaka mingi baada ya vita, akiwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa imepewa jina la Kidenmark, lakini kengele yake ya shaba ilibaki na jina la Kiingereza, na mabaharia kwa utani waliiita meli yenyewe "Ya Kuazima".

Nikamwambia, "Mzee, sisi husema nguo ya kuazima haisitiri matako."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akanieleza lililobaki.

Denmark ilipofika mahali pa kujiundia meli zake, ikabidi zile za kuazima zirudishwe. Maofisa wa Kiingereza wakaja, wakakagua kila kitu kilichomo, hadi vijiko. Kengele haikuonekana. Usiku wa siku mbili za mwisho aliyekuwa zamu kwenye ngazi ya kupandia melini ni Aksel. Msimamizi wa mabaharia, mtu anayeitwa Poul, akaandika katika daftari la meli kwamba kengele imepotea katika zamu ya Aksel, na kwamba Aksel alionekana akiteremka nchi kavu na mfuko mzito. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vilivyolowa na nguo chafu za kumpelekea mama yake. Hakupelekwa mahakamani. Lakini mji ulikuwa mdogo, na baba yake alikuwa mwoka mikate. Wateja wakaanza kununua mikate kwa mwoka mwingine. Mwaka haujaisha, Aksel akapanda meli ya kubeba mbao akaja London, asirudi tena. Ni zaidi ya miaka sitini.

Alikuwa na picha moja ya meli ile, kengele inaonekana vizuri na jina lake. Nikaipiga kwa simu nikaituma kwenye makundi yetu yote ya WhatsApp. Nyote mlicheka, msikatae. Asiyecheka alikuwa Bwana Ramnik wa Kenton, mzaliwa wa Kisumu, anayeuza vyombo na samani za nyumba za watu waliofariki. Namfahamu kwa sababu duka ninaponunua unga wa dengu liko ukuta kwa ukuta na lake. Alinipigia simu asubuhi.

"Mama, ile kengele ya picha yako, mimi iko nayo hapa. Zito sana, mama. Kuja ona."

Tulikwenda siku hiyohiyo.  Mzee Aksel alivua glavu, akaweka kiganja juu ya shaba, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akaniomba niipindue. Ndani kumechongwa majina matatu ya watoto, kwa maana mabaharia wa Kiingereza wana desturi ya kubatiza watoto ndani ya kengele iliyopinduliwa, wakachonga jina la mtoto humo. Jina la tatu lilikuwa la binti wa kapteni aliyeiongoza meli ile vitani. Kapteni huyo alikuwa mmoja wa maofisa waliokuja kuipokea meli. Akaifungua kengele mwenyewe kwa ajili ya jina la binti yake, akaitia ndani ya sanduku lake, akaenda nayo nyumbani kwake bila kumwambia mtu.

Haya sikuyabuni mimi. Tuliyapata kwa mjukuu wa kapteni huyo, ambaye mama yake alikuwa amefariki na yeye ndiye aliyeleta vyombo dukani. Bwana Ramnik alimwita, akaja, mtu mzima mwenye mvi. Akasema babu yake alikuwa akiisimulia kila Krismasi, namna alivyoichukua kengele mbele ya pua za watu, na nyumba nzima hucheka.

"Kwenu ilikuwa hadithi ya kuchekesha," Mzee Aksel alimwambia taratibu.

Yule bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliomba karatasi, akaandika barua ya kueleza hayo yote palepale juu ya meza ya kuuzwa, akatia sahihi, akasema kengele ichukuliwe.

Sasa, mabaharia wa meli ile wana desturi ya kula chakula cha mchana pamoja mara moja kwa mwaka, katika mji uleule wa kwao Aksel, Frederikshavn, kaskazini kabisa mwa Denmark. Mzee Aksel husoma gazeti la kwao, na mwaka huu lilitangaza kwamba karamu hii itakuwa ya mwisho, kwani wamebaki watano tu. Jumamosi, saa sita mchana. Poul ni mmoja wa hao watano.

"Nataka niiweke mezani mbele yake," alisema. "Basi. Sitaki kingine."

Daktari amemkataza ndege kwa ajili ya mapafu yake. Ikawa ni treni na feri, na wa kumsindikiza ni mimi.

Peckham hadi Harwich

Tuliondoka Jumatano. Kengele niliifunga kwa blanketi na kanga mbili, nikaitia katika lile toroli langu la kwendea sokoni. Binti yangu Zuhura alijaribu kulinyanyua, akalirudisha chini, akaniambia kwa Kiingereza, kama ilivyo ada ya hawa waliozaliwa hapa, kwamba mama yake amerukwa na akili. Mkoba wa pili ulikuwa wa chakula: mahamri, kachori, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Siendi nchi za watu na mikono mitupu.

Treni ilitoka London vizuri, ikatembea kama dakika arobaini, ikasimama katikati ya mashamba ya Essex. Tukatangaziwa hitilafu ya njia. Saa ya kwanza watu walitazama simu zao. Saa ya pili mtoto mmoja akaanza kulia njaa, nikafungua mkoba. Mnajua mahamri yakishaonekana hayafichiki. Fundi mmoja wa ujenzi, viatu vyake vyote vumbi la saruji, alikula manne, akaniuliza yanaitwaje, akalirudia neno mpaka akalipata. Baadaye treni iliposogezwa hadi kituo cha karibu, tukaambiwa tuteremke tupande basi, ni yeye aliyelibeba toroli juu ya ngazi za kituo.

"Mama, umebeba nini humu, mume wako?" aliuliza.

"Mume wangu hakuwa mzito hivi," nikamjibu.

Tulilala Harwich kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi tukaenda kupanda feri, na hapo ndipo mnaposema tulitaka kukamatwa. Si kweli, ila kidogo. Toroli lilipita kwenye mashine ya kukagulia, mashine ikasimama. Kijana mlinzi akaita mwenzake, na wawili hao wakaita mwingine.

"Nani amefunga mzigo huu?"

"Mimi."

"Ni kitu gani?"

"Kengele."

"Ya baiskeli?"

"Ya meli ya kivita," nikasema, na papo hapo nikajua neno la mwisho afadhali ningelimeza.

Tukatengwa pembeni. Akaja mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Alifungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaondoa blanketi, akatazama. Halafu, bila kuuliza, akaligusa lile dude la ndani likagonga mara moja. Ukumbi mzima uligeuka. Nami niligeuka kumtazama Mzee Aksel, nikamkuta ameacha fimbo, amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu. Nadhani hata mwenyewe hakujua kama amesimama hivyo.

Yule mama akamtazama kwa muda. Akaifunga kengele upya kwa mikono yake, vizuri kuliko nilivyoifunga mimi.

"Safari njema, baharia," akamwambia.

Ndani ya feri

Bahari ilikuwa shwari. Nyumbani Mzee Aksel hutembea kutoka kitandani hadi dirishani akapumzika. Ndani ya feri alinichosha mimi. Alitaka kuona hiki na kile, akanieleza kwa nini mnyororo wa nanga hupakwa rangi, akawasimamisha wafanyakazi kuwauliza mwendo wa meli na kisha akakataa jibu lao. Meli yake ya kuazima ilikuwa na mwendo kuliko hii, alisema, ingawa ilikuwa mbovu. Kila walipoitia moto hawakujua kama itakubali. Vijana wa rika lake walijifunza kazi kwa kutengeneza, si kwa kuendesha.

Mchana tukaenda kula. Nilimwambia mpishi kwa Kiingereza safi kwamba sitaki nguruwe. Masikio yake yalisikia nini sijui, akarudi na sahani yenye nguruwe maradufu, anatabasamu kama mtu aliyenifanyia hisani. Sikutaka kumvunja moyo. Mzee Aksel alikula yake, akala na yangu, nami nikamaliza mayai ya Peckham nikitazama maji.

Rotterdam, gurudumu lavunjika

Jioni tulifika Uholanzi salama, tukalala Rotterdam. Asubuhi ya Ijumaa, mita mia mbili kutoka kituo cha treni, toroli likasema kwaheri. Gurudumu moja lilitoka likajiendea zake barabarani mpaka chini ya baiskeli ya mtu. Treni ilikuwa inaondoka baada ya dakika ishirini. Mzee Aksel hawezi kubeba hata mfuko wa viazi, na mimi kuubeba mzigo ule mikononi nisingefika kituoni.

Nikatazama kanga. Nimelea wanangu watatu na wa dada yangu wawili. Nikainama, Mzee akanisaidia kuiegemeza kengele mgongoni, mdomo wake chini, nikaizungushia kanga, nikafunga kifuani fundo la mbeleko. Nikasimama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nawaambia waliosema hivyo hawakuwahi kubeba shaba.

Tulipokuwa tunangoja kwenye jukwaa, bibi mmoja wa Kiholanzi akasogea, uso wake umelegea kwa mapenzi kama ilivyo kwa mabibi wote duniani wakiona mbeleko. Akaninong'oneza jambo kwa lugha yao, nikadhani anauliza umri wa mtoto. Nikatikisa kichwa kumwambia hapana, si mtoto. Yeye akadhani namruhusu. Akafunua pembe ya blanketi. Mimi nikageuka nimzuie, na kengele ikalia, ngoong, nzito, mgongoni kwangu, mpaka nikaisikia kwenye meno. Bibi aliruka nyuma akashika moyo wake. Mzee Aksel ndipo alipoanza kucheka, na alicheka mpaka tukavuka mpaka wa Ujerumani.

Osnabrück na Hamburg

Hesabu yetu ilikuwa tulale Denmark Ijumaa hiyo. Lakini Osnabrück treni yetu ilifutwa. Jukwaa lilijaa watu, kila mmoja na sanduku, matangazo kwa Kijerumani yanabadilika kila dakika tano, na kila yakibadilika umati wote unakimbilia jukwaa jingine. Tulikimbizana nao mara mbili. Mara ya tatu nikamkalisha Mzee kwenye sanduku la mtu, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, maneno ambayo sitayaandika hapa, juu ya treni, na juu ya aliyeivumbua.

"Mama! Minasikia unasema Kiswahili!"

Alikuwa kondakta, amevaa sare na kofia, Mkongo wa Bukavu, jina lake Bahati. "Muko naenda wapi na ule mtoto?"

Nikamweleza. Si mtoto, ni kengele. Kengele ya nani, ya mzee huyu. Kwa nini, na lazima tufike lini. Alisikiliza yote, watu wakimvuta mikono pande zote, na nilipomaliza akamtazama Mzee Aksel aliyekuwa amekaa pale, kijivu kwa uchovu.

"Miaka sitini wanamwita mwizi?"

"Na zaidi."

"Basi, Mama, mukuje."

Alitupitisha kwenye umati, akatukalisha katika treni yake mwenyewe, akatuletea maji. Tulipokaribia Hamburg tulikuwa tumechelewa, na treni ya kwenda kaskazini ilikuwa karibu kuondoka. Bahati akapiga simu mbele. Sijui aliwaambia nini. Mlango ulipofunguka alininyang'anya kengele, akaitia begani na sare yake yote, akatimua mbio kwenye jukwaa huku inalia kila hatua, na watu wanampisha kama gari la zimamoto. Mimi nyuma, nimemshika Mzee kwapani. Treni ilikuwa inangoja, mlango mmoja tu wazi, mwanamke wa treni ameuzuia kwa mguu.

"Mumuambie yule Poul," Bahati alisema akihema, "Bahati wa Bukavu anamusalimia."

Flensburg, mpakani

Pamoja na mbio zote hizo tulifika Flensburg treni ya mwisho ya kuvuka imekwisha kwenda. Tukalala hapo. Jumamosi asubuhi treni ya kwanza ingetufikisha Frederikshavn baada ya saa saba mchana, karamu imeshaanza, lakini tungewahi.

Tulikuwa kwenye benchi, treni bado dakika kumi, Mzee Aksel akasema, "Mwana, turudi nyumbani."

Nilidhani anaumwa. Nikamshika mkono kupima mapigo. Akauvuta.

"Siumwi. Nimefikiri usiku. Nitaingia pale, mzee wa fimbo, na kengele. Watasema, kumbe alikuwa nayo muda wote. Watasema sasa anakaribia kufa ndiyo anairudisha."

"Barua ipo."

"Barua ni karatasi. Hata Poul aliandika kwenye karatasi."

"Mzee, mzigo huu nimeubeba mimi. Ukitaka turudi, kurudi utaubeba wewe."

Hakucheka. Alitazama reli.

"Nilipokuwa melini baba yangu alikuwa ananiandikia kila wiki. Nilipoondoka aliandika mara mbili, halafu akaacha. Hakuniambia kwamba ameamini. Aliacha kuandika tu. Aliishi miaka kumi na moja baadaye."

Nimekaa na wazee wengi. Najua maneno ya kuwaambia wakiogopa sindano, wakiogopa kuoga, wakiogopa kufa. Hili lilikuwa jingine.  Treni ikaja. Milango ikafunguka. Nikasimama, nikakaza fundo la kanga, nikapanda, nikageuka mlangoni.

"Kengele inakwenda Frederikshavn," nikamwambia. "Wewe amua."

 Mtu wa miaka zaidi ya themanini, mgonjwa wangu, yuko kwenye benchi nchi ya watu na mimi niko ndani ya treni. Milango ikaanza kulia ile sauti ya kufunga. Mzee Aksel alinyanyuka kwa fimbo yake, akaja bila haraka, kama mtu anayepanda meli, akanipa mkono nimvute.

Frederikshavn

Safari ya Denmark ni ndefu na nchi ni bapa kama chapati. Mama mmoja jirani yetu alinigawia pipi nyeusi, nami kwa kudhani ni kama halua nikatia mbili mdomoni. Ilikuwa chumvi! Pipi ya chumvi, chungu kama shubiri, na mwenyewe ananitazama asikie sifa. Nilimeza. Machozi yalinitoka, akafurahi, akanipa pakiti nzima.

Mzee Aksel hakuwa akitazama pipi. Alikuwa akisoma majina ya vituo kwa sauti ndogo, kimoja kimoja, na sauti yake ikibadilika. Kidenmark chake kilikuwa kinarudi.

Ukumbi ulikuwa karibu na bandari. Saa saba na nusu. Aliyefungua mlango ni mwanamke wa miaka sitini hivi, anaitwa Inge, nilikuja kujua ni binti wa Poul. Akatuambia kwa upole kwamba hii ni shughuli ya watu wenyewe. Mzee Aksel akataja jina lake, la kwake na la baba yake.  Inge alilijua jina lile. Akafungua mlango wote.

Ndani walikuwa kama watu thelathini, wazee watano meza ya mbele, wengine wake zao, watoto na wajukuu. Walikuwa wamesimama, mmoja anasoma majina ya mabaharia waliokufa. Akakatiza. Mzee Aksel alitembea katikati ya meza, fimbo yake inasikika kwenye mbao, mimi nyuma yake na mbeleko. Nikafungua fundo, Inge akanisaidia, tukaiweka kengele mezani kati ya samaki na mikate.

Poul alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mzee sana, ana vifaa masikioni, alikuwa akitazama sahani yake tu. Nadhani hakuwa amesikia lolote. Mzee Aksel aliinua mkono, akaigonga kengele.

Yule mzee akainua kichwa kabla hajaona kitu. Aliitambua kwa sauti. Akaitazama, akamtazama aliyesimama nyuma ya kengele, na midomo yake ikatamka "Aksel" bila sauti.

Mzee Aksel akampa barua. Poul akaomba miwani. Aliisoma yote mwenyewe, kwa sauti, kwanza Kiingereza kama ilivyoandikwa, halafu akaitafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kidenmark ili kila mtu asikie. Hakuruka kitu. Alipofika pale babu alipokuwa akiisimulia kila Krismasi na watu wakicheka, alirudia sentensi ile upya.

Kisha akataka daftari. Lilikuwa palepale mezani. Lile daftari la meli la miezi ya mwisho, ambalo lilipaswa kuwa serikalini, kwa njia wanazozijua mabaharia lilibaki kwao, na kila mwaka huliweka karibu na chakula. Poul alifunua ukurasa bila kuutafuta. Akakata mstari mmoja, akaandika chini yake. Inge alinifasiria sikioni huku analia: "Kengele ilichukuliwa na kapteni wa Kiingereza. Nilimwandika Aksel bila ushahidi. Aksel alikuwa baharia mwaminifu." Akatia sahihi, akasukuma kiti nyuma, akawaambia wawili wamshike. Akasimama. Akapiga saluti.

Mzee Aksel hakuirudisha. 

"Baba yangu aliishi miaka kumi na moja," alisema.

"Najua," Poul akajibu. "Nilikuwa namwona sokoni. Nilikuwa navuka barabara."

Alibaki na mkono kwenye paji, hataki kuushusha, wawili wamemshika. Ndipo Mzee Aksel akaegemeza fimbo yake mezani, akanyooka kama alivyonyooka Harwich, akarudisha saluti. Na hapo jamani ndipo ukumbi ulipolipuka. Watu walilia, wakapiga meza, mzee mmoja akanikumbatia mimi na kunibusu kwenye kilemba. Majina ya waliokufa yakaanza kusomwa upya toka mwanzo, na aliyeambiwa aigonge kengele kwa kila jina alikuwa Aksel. Alikuwa na neno dogo kwa kila mmoja. Wote alikuwa anawakumbuka. Nilimfikishia Poul salamu za Bahati wa Bukavu, akaniomba nirudie mara mbili, akaliandika jina hilo kwenye daftari. Nililishwa samaki namna nane na hakuna aliyeniletea nguruwe.

Kengele tuliiacha kwao. Jumapili asubuhi nilitegemea tupumzike, lakini Inge alikuja hotelini na baba yake. Poul alikuwa amevaa suti na medali. Alitaka Aksel amsukume, si mwingine. Tukaenda kwanza lilipokuwa duka la mikate la baba yake Aksel. Siku hizi ni duka la kahawa. Poul akaingia na kiti chake katikati ya meza, akapaza sauti kwa wateja wote, Inge ananifasiria: "Huyu ni Aksel, mtoto wa mwoka mikate. Hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyemsingizia." Watu wakashusha vikombe. Bibi mmoja kizee akanyanyuka akamshika Mzee Aksel mikono yote miwili, akamwambia alikuwa akitumwa mikate pale alipokuwa mtoto, mpaka siku mama yake alipomkataza.

Tukatoka, tukaingia duka la magazeti. Halafu la maua. Halafu kanisani, watu wanatoka ibadani. Aliwaambia wauza samaki, mtu wa petroli, na watalii wa Kijerumani waliokuwa wanapita zao na hawakuwa na habari ya kengele wala ya meli. Mzee Aksel alikuwa amechoka sana, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuoga. Mwisho aliinama, akamwambia Poul sikioni kwamba sasa inatosha, watu wamesikia, twende tukale.

"Bado mtaa mmoja," Poul akasema, akaonyesha mbele kwa kidole, na Aksel akamsukuma.